"Court of guard" katika Othello: ni mahakama, ni lindo, au ni nyumba ya zamu?

Mfasiri Mwanagenzi (Tanga) ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Kikundi chetu cha walimu kinaitafsiri tamthilia ya Othello ili isomwe kwa sauti na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na mimi nimekabidhiwa sehemu ya pili, ile inayoanzia bandarini Kupro baada ya tufani kuziangamiza merikebu za Waturuki. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika mahali ambapo Iago, ofisa mwenye hila aliye chini ya jemadari Othello, anamwambia Roderigo, kibaraka wake, kwamba usiku ule luteni, yaani Cassio, atakesha kwenye kitu ambacho Shakespeare anakiita "court of guard". Kwa kuwa "court" ndiyo korti tunayoijua, na "guard" ni mlinzi, niliandika bila kusita kwamba luteni atakesha "katika mahakama ya walinzi", nikaendelea na mstari unaofuata.

Kosa hilo lilifichuliwa na binti mmoja wa kidato cha tano siku tuliyoisoma rasimu darasani. Aliinua mkono akauliza ni nani aliyeshtakiwa, na kwa nini kesi yake isikilizwe usiku. Sikuwa na jibu. Nilirudi kuisoma sehemu yote upya nikaona kwamba kweli hamna kesi, hamna hakimu wala shahidi: kuna usiku wa sherehe, kuna mji ambao bado una hofu ya vita, na kuna maofisa ambao wamepewa jukumu la kuulinda. Onyesho la tatu liliniongezea mashaka, kwa sababu Othello anapotoka chumbani kwa ghadhabu baada ya kusikia kengele na vurugu, anawakaripia kwa kugombana usiku, tena mahali ambapo chapa ya 1622 na ile ya 1623 zote mbili zinapaita "court and guard of safety", maneno ambayo baadhi ya wahariri waliokuja baadaye waliyapanga upya yakawa "court of guard and safety".

Ninachoomba kujua ni haya. Neno hili lilitoka wapi, na korti imeingiaje humo? Je, linataja jengo, linataja watu, au linataja kazi yenyewe ya kulinda? Na la muhimu zaidi kwangu, Kiswahili kina neno gani ambalo msikilizaji atalielewa papo hapo, bila mimi kusimama katikati ya usomaji na kuanza kueleza?

Mzee wa Kamusi (Mombasa) amejibu:

Marahaba, mwalimu. Binti huyo mpe hongera kutoka kwangu, kwa sababu amegusa penyewe: katika neno hili hamna mahakama hata kidogo, na wala haikuwahi kuwamo. Korti unayoiona pale ni kosa la sikio, lililofanywa na Waingereza wa karne ya 16 na kisha likaandikwa hadi likazoeleka.

Asili ni maneno ya Kifaransa "corps de garde". "Corps" ni mwili, kutoka Kilatini "corpus", na Wafaransa wanaliandika kwa herufi nyingi lakini wanalitamka "kor" tu. Maana ya kwanza basi ni "mwili wa ulinzi", nao ni mwili wa watu, yaani kundi la askari lililofungamana kuwa kitu kimoja na kupewa zamu ya kulinda lango, daraja, boma au kambi. Kutoka kwa watu, jina likahamia mahali watu hao wanapokaa: kibanda, chumba kilicho chini ya lango la mji, au jengo kamili la mawe lenye meko, mabenchi na mahali pa kuegemeza silaha. Kwa hiyo neno lilipofika Uingereza lilikuwa tayari limebeba mzigo wa maana mbili, na ndiyo sababu unababaika kulitafsiri.

Njia lililopitia ni ya vita. Mwaka 1585 Malkia Elizabeth I alipeleka jeshi katika nchi za Uholanzi, chini ya Earl wa Leicester, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na Hispania. Huko askari wa Kiingereza waliishi bega kwa bega na Waholanzi na Wafaransa, wakajifunza ufundi mpya wa kuzingira miji na kujenga ngome, na waliporudi nyumbani walirudi na misamiati ya ufundi huo. Wapo waliochukizwa. Sir John Smythe, ofisa mkongwe, alichapisha mwaka 1590 kitabu cha mambo ya kijeshi ambamo aliwalaumu wenzake kwa kuyaacha maneno ya wazee wao na kuiita kambi kwa jina la Kiholanzi, na hata mji uliozingirwa wakautaja kwa neno la Kiholanzi lililovishwa nguo ya Kiingereza. "Corps de garde" lilikuja katika wimbi hilohilo.

Sasa mpige picha sajini wa Kiingereza asiyejua Kifaransa, anayesikia kila siku "kor-de-gard". "Kor" peke yake halimwambii kitu, lakini "court" analijua tangu utotoni, kwa hiyo sikio lake linamletea lile analolijua, na kalamu inafuata sikio. Sisi hatuna haki ya kuwashangaa, kwani tulifanya vivyo hivyo kwa neno la Kiarabu "kitab": tulisikia "ki-" ya mwanzo tukadhani ni ile ya kiti na kisu, tukapata kitabu na vitabu, ingawa kwa Mwarabu sauti hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe. Tofauti ni kwamba kosa letu lilizaa neno lisilomdanganya mtu yeyote, ilhali kosa la Waingereza linaendelea kuwapoteza wasomaji mpaka leo, kama lilivyokupoteza wewe.

Jambo moja linanifurahisha kila ninapolifikiria. "Court" lenyewe lina asili ya Kilatini "cohors", na "cohors" lilikuwa na maana ya ua uliozungushiwa wigo, na pia kikosi cha askari wa Kirumi. Kwa hiyo waliokosea walitoka kwenye neno la kikosi wakaangukia neno ambalo babu yake naye alikuwa kikosi, bila kujua. Usiitumie hoja hii kutetea "mahakama", lakini itakusaidia kuona kwamba lugha nyingi huwachanganya watu na mahali pao. Sisi tunayo baraza: kwanza ni ile sehemu ya mbele ya nyumba tunapoketi jioni, kisha ndio hao wazee wenyewe waliokaa na kuamua. Baraza limetoka mahali likaenda kwa watu, na "corps de garde" limetoka kwa watu likaenda mahali.

Kuhusu Kiswahili, sioni haja ya kutafuta mbali. Tunalo "lindo", na wingi wake "malindo". Askari husema yuko lindo, anakwenda lindo, ameshikwa amelala lindoni. Neno hilohilo ni kazi na ni mahali. Andika: "Usiku huu luteni anakesha lindoni."

Afande Mstaafu (Morogoro) amejibu:

Mzee wangu, nakuheshimu na historia uliyoieleza nimeipokea kwa shukrani, lakini kwenye neno "lindo" naomba nitofautiane nawe, kwa sababu nimekaa lindo kwa miaka mingi na nalijua kwa miguu yangu.

Lindo ni pale mlinzi anaposimama. Ni kona ya uzio, ni mlango wa ghala la silaha, ni juu ya mnara. Pale anasimama mmoja au wawili, na hawaruhusiwi kukaa wala kuvuta sigara. Lakini walinzi wa usiku mmoja hawako wote malindoni kwa wakati mmoja. Utaratibu wa kale, ambao majeshi yaliyofuata mtindo wa Kiingereza yaliurithi, ni kuligawa kundi katika mafungu matatu, kila fungu likisimama saa mbili na kupumzika saa nne. Wale wanaopumzika hawaendi nyumbani. Wanabaki katika nyumba moja pamoja na mkuu wa zamu, wakiwa na viatu miguuni na silaha karibu, ili ikipigwa kelele waweze kutoka mara moja. Nyumba hiyo ndiyo roho ya ulinzi wote, kwani humo ndimo taarifa zinamoletwa, na kutoka humo ndimo msaada unamotoka. Hiyo kwangu si lindo. Ni nyumba ya zamu.

Nilikwenda kumuuliza kijana wangu anayesoma fasihi kama Shakespeare amelitumia neno hili mahali pengine, akanionyesha sehemu mbili ambazo naona zinakata shauri. Ya kwanza ni katika sehemu ya kwanza ya Henry VI, mbele ya mji wa Orléans. Sajini wa Kifaransa anawapanga walinzi wake ukutani usiku, anawaambia wakae chonjo, na kwamba wakisikia kishindo au wakimwona askari yeyote karibu na kuta watoe ishara iliyo wazi, ili habari ifike kwenye "court of guard". Angalieni mpangilio wake: walinzi wako juu ya kuta, yaani malindoni, na habari inatoka kwao kwenda mahali pengine. Ukitafsiri kwamba walinzi walioko lindoni walete habari lindoni, utakuwa umeandika maneno yasiyo na maana. Baadaye Waingereza wanapanda kuta na kuuteka mji, Wafaransa wanaruka nje wakiwa nusu uchi, na viongozi wao wanaanza kutupiana lawama juu ya nani alikuwa mkuu wa zamu. Aliyewahi kutumikia jeshi anaijua sauti ya lawama hiyo.

Ya pili ni katika Antony and Cleopatra, kambini kwa Caesar, hasimu wa Antony. Walinzi wamesimama gizani, mmoja anasema kwamba wasipopokewa ndani ya saa ile itawabidi warudi kwenye "court of guard". Wakati huo wanamsikia Enobarbus, aliyemwacha Antony na sasa anajutia usaliti wake, akiuomboleza mpaka anaanguka na kufa. Ngoma za asubuhi zinalia, na mlinzi anasema wambebe wampeleke "court of guard" kwa kuwa ni mtu mwenye jina, na zamu yao imekwisha. Mtu aliyesimama lindoni hawezi kusema arudi lindoni, na maiti haipelekwi kwenye kona ya uzio. Anayerudi anarudi kwenye nyumba ya zamu, na maiti ya mtu mkubwa inapelekwa hukohuko kwa mkuu wa zamu, ili yeye ndiye aamue.

Msomi wa Leiden (Uholanzi) amejibu:

Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Zanzibar ninayesoma isimu hapa Uholanzi, na naona niongeze kipande ambacho kiko karibu na mlango wangu, kwa kuwa Waingereza si wao peke yao waliolipinda neno hili.

Waholanzi nao walilichukua "corps de garde" wakalifanya "kortegaard". Wasiojua Kifaransa walipata mwanzoni mwake "kort", ambalo kwa Kiholanzi ni "fupi", kama vile Mwingereza alivyopata korti. Poland lipo kama "kordegarda" na Urusi kama "kordegardiya", na huko halikugeuzwa maana na sikio: limebaki nyumba ya walinzi tu. Mjini Warsaw kuna jengo dogo mbele ya Jumba la Potocki lililojengwa kwa ajili ya walinzi katika karne ya 18, ambalo leo ni ukumbi wa maonyesho ya sanaa na bado linaitwa Kordegarda. Neno lililokufa kwa Waingereza huko limeandikwa mlangoni.

Lakini linalokuhusu zaidi, mwalimu, ni michoro. Katika karne ya 17 wachoraji wa Kiholanzi walikuwa na aina nzima ya picha iliyoitwa "kortegaardje", yaani picha ndogo ya nyumba ya walinzi. Pieter Codde, Willem Duyster, Jacob Duck na Anthonie Palamedesz ni miongoni mwa waliozichora. Hutaona vita ndani yake. Utaona chumba cha giza chenye dari ndefu, ngoma imegeuzwa kuwa meza, askari wawili wanacheza karata juu yake, mmoja amelala mdomo wazi, mwingine anavuta kiko, silaha zimetupwa sakafuni, na mara nyingine wanawake na mateka au mali iliyoporwa pembeni. Hapo ndipo zamu inapopitishwa na uchovu unapoanza kuila nidhamu.

Nimezitazama picha hizi mara nyingi, na kila mara namkumbuka Cassio. Iago anajua vizuri anapompeleka. Anamtia mvinyo mtu ambaye mwenyewe amekiri kwamba kichwa chake hakihimili kinywaji, na amekwisha walevya vijana watatu wa Kupro ambao nao wako zamu usiku huohuo. Uovu wake ni kuigeuza nyumba ya zamu kuwa kilabu katika saa ambayo mji unaitegemea, na ndiyo sababu hasira ya Othello inakwenda mbali kuliko ugomvi wa walevi wawili. Mtazamaji wa London wa miaka ya mwanzo ya 1600 hakuhitaji kuelezwa haya. Msikilizaji wa Tanga atahitaji neno ambalo litamfanya aone ulinzi wenyewe ndio uliochafuliwa. Kwa sababu hiyo nakubaliana na Afande kuhusu tamthilia zile nyingine mbili, lakini kwa Othello bado naona moyo wangu uko kwa Mzee.

Mzee wa Kamusi (Mombasa) amejibu:

Afande, nimeshindwa kwa haki na ninakubali. Nililitazama neno katika mstari mmoja nikadhani nimelitazama lote. Lakini mstari huo mmoja, ambao ndio mwalimu aliouliza, unastahili kuangaliwa kwa undani, kwa sababu Shakespeare hasemi jambo moja mara tatu.

Katika Henry VI habari inafika kwenye "court of guard", naye anatumia kihusishi cha mahali palipo bayana. Katika Antony and Cleopatra watu wanarudi na kubeba maiti kuelekea huko, naye anatumia kihusishi cha mwendo. Katika Othello, luteni anakesha "juu ya" "court of guard", kihusishi kilekile ambacho Mwingereza anakitumia anaposema kwamba mtu yuko zamuni. Hapo jengo limefifia na kazi ndiyo inayosikika. Kwa hiyo Msomi wa Leiden amehisi vizuri: mahali pamoja neno ni nyumba, mahali pengine ni jukumu lenyewe.

Hapa Kiswahili kinatuonea huruma, kwa kuwa sisi kiambishi "-ni" kinabeba yote matatu, na upatanisho ndio unaotuambia tuko wapi. Zamuni pale ni mahali panapojulikana, zamuni kule ni upande unaoelekewa, zamuni mle ni ndani ya nyumba na kuta zake. Mwalimu, huna haja ya kusaka maneno matatu. Chukua neno la zamu, ulishike katika tamthilia yote, na uuache upatanisho ufanye kazi ambayo vihusishi vya Kiingereza vinaifanya. Pale ambapo jengo lenyewe lazima lionekane, fuata ushauri wa Afande na uandike nyumba ya zamu.

Mmoja atauliza kama neno hili lilipata pia maana ya kifungo, kwa sababu Mwingereza wa leo, na hasa Mmarekani, akisikia nyumba ya walinzi jeshini hufikiria mahali ambapo askari mkosaji huwekwa ndani. Maana hiyo ilikua kwa njia ya kawaida: aliyekamatwa usiku apelekwe wapi, kama si penye walinzi wasiolala? Hata hivyo ilikomaa zaidi katika maneno yaliyorithi kazi, yaani nyumba ya walinzi na chumba cha walinzi kwa Kiingereza cha wazi, ambayo ndiyo yaliyolisukuma "court of guard" likatoka katika matumizi. Kwetu pwani safari kama hiyo ilifanywa na gereza. Wanaofuatilia asili ya maneno hulitoa katika Kireno "igreja", kanisa, likahamia kwenye ngome, na kutoka kwenye ngome likafika kwenye kifungo. Hapa kwetu Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilifanywa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, wazee wa huko waliiita Gereza. Siwezi kupita mbele ya lango la Fort Jesus bila kufikiri kwamba walinzi wa Kireno waliokaa chini ya tao lile walikuwa wa kizazi kilekile kilichokuwa kikilisambaza neno "corps de garde" huko Ulaya. Ila kwa Shakespeare, katika mistari yote mitatu tuliyoitaja, hakuna mfungwa, kwa hiyo usishawishike kuandika korokoroni.

Kuhusu lini lilikufa, naweza kusema tu kwamba Walter Scott alilifufua mwaka 1810 katika utenzi wake wa The Lady of the Lake, ambao sehemu yake ya sita inafunguka ndani ya ngome ya Stirling, jua la asubuhi likijipenyeza kwa shida kwenye madirisha membamba ya "Court of Guard" na kuufifisha mwanga wa mienge katika moshi. Humo mna askari waliokesha wakinywa, wengine bado wakiwa na vikombe. Scott alikuwa akisimulia habari za karne ya 16, na alilichagua neno hilo makusudi kwa kuwa kwa wasomaji wake lilikuwa na harufu ya kale. Lakini sehemu yenyewe aliipa jina la wazi la chumba cha walinzi, ili wasomaji wasije wakapotea. Hilo ni funzo la mfasiri kutoka kwa mtu ambaye hakuwa akitafsiri.

Afande Mstaafu (Morogoro) amejibu:

Nakubaliana na Mzee. Naongeza moja tu kwa mwalimu: pale Othello anapomwachia Cassio ulinzi mwanzoni mwa onyesho la tatu, usiandike "alinde" peke yake. Andika "asimamie zamu". Cassio si mlinzi wa kusimama ukutani. Ni mkuu wa zamu, na mkuu wa zamu akilewa, walinzi wote wamelewa hata kama hawajaonja tone.

Mfasiri Mwanagenzi (Tanga) amejibu:

Wakubwa zangu, na ndugu yangu wa Leiden, nawashukuru kutoka moyoni. Nimefuta mahakama katika rasimu nzima na nimeuandika upya mstari wa Iago hivi: "Usiku wa leo luteni ndiye anayekesha zamuni." Neno "ndiye" nimeliongeza kwa sababu Iago anataka Roderigo amjue mtu wa kumchokoza.

Karipio la Othello lilinichukua muda mrefu zaidi. Nilianza kwa kufuata maneno ya 1622 na 1623 kama yalivyo, nikajaribu kutenganisha mahali na ulinzi, lakini kila nilipoisoma kwa sauti ulimi ulikwama. Kisha nikakumbuka alichosema Msomi wa Leiden, kwamba ulinzi wenyewe ndio uliochafuliwa, nikaona kwamba katika Kiswahili hasira hiyo inatoka vizuri zaidi kama Othello atapataja mahali kwanza na kazi yake baadaye. Nimeandika: "Katika mji wa vita ambao haujatulia, mioyo ya watu imefurika hofu, ninyi mnaanzisha ugomvi wenu wa binafsi, usiku, tena zamuni humu, mnamotegemewa kwa usalama wa wote? Ni kioja!" Hiyo "humu" nimeiweka kwa ushauri wa Mzee, ili msikilizaji ajue kwamba damu imemwagika ndani ya nyumba ambayo kila mtu mjini aliiamini alipokwenda kulala.

Jana niliisoma sehemu hiyo darasani. Binti yule wa kidato cha tano alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini Othello hakumpa Cassio nafasi ya kujieleza kikamilifu kabla ya kumvua cheo. Nikamwambia hilo sasa ndilo swali la mahakama, na kwamba tutaliweka katika somo la wiki ijayo.